Kibanja cha Holaria Pastory



Ukitoka hapa Bukoba mjini kwenda wilaya ya Muleba, utafika Kashasha. Pale, Agosti 25 mwaka 1988, lilifunguliwa shauri katika Mahakama ya Mwanzo. Leo shauri hilo linafundishwa kwa wanafunzi wa sheria Dar es Salaam, na hata nje ya Tanzania. Aliyeshitakiwa alikuwa mwanamke mzee, na tendo lililomfikisha pale lilikuwa la siku moja kabla: aliuza shamba.

Jina lake Holaria Pastory. Huku kwetu mtu wa umri ule tungemwita Ma Holaria, nami nitamwita hivyo. Shamba aliachiwa na baba yake kwa wosia halali. Nguvu zilikuwa zimekwisha, wa kumtunza hana, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba mauzo ni batili, kwa sababu mwanamke wa Kihaya hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mauzo yakatenguliwa, Ma Holaria akaamriwa arudishe fedha za watu.

Bernardo nisimwonee. Alikuwa na sheria mkononi, tena iliyochapwa na serikali: Tangazo namba 436 la mwaka 1963, kanuni ya 20. Ardhi ya ukoo mwanamke anaweza kuitumia maisha yake yote, lakini kuiuza hapana, labda ukoo uwe umeishiwa wanaume. Wenye kusema hii ni mila ya mababu isiyoguswa, nawakumbusha kwamba moja ya vitabu vilivyotegemewa mahakamani kuhusu mila za Wahaya kilitoka mwaka 1945, na mmoja wa waandishi wake ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna. Mababu walisema mengi. Mengine yaliingia kitabuni, mengine sijui yalikwenda wapi.

Kwa msikilizaji asiye wa huku, kibanja si shamba tu. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, mibuni imejibanza chini ya migomba, maharage yamejaza nafasi iliyobaki. Chini kumetandazwa nyasi kavu ili udongo usikauke, na pembeni wamelala wazee wa ukoo. Ndiyo maana mgeni akinunua, ukoo mzima hukosa usingizi. Hofu hiyo naielewa. Lakini nyasi hizo zinabebwa kichwani na nani kutoka rweya, uwanda wa nyasi? Maharage hayo nani huyapanda, akayapalilia na kuyavuna? Anayefanya yote hayo ndiye tuliyemwambia kwamba ardhi si yake.

Rufaa ikakatwa. Hakimu wa Wilaya ya Muleba, L. S. Ngonyani, ambaye sifa zake hazisemwi inavyostahili, akatengua uamuzi wa Kashasha. Alisema Katiba sasa ina Hati ya Haki za Binadamu, na haki za mwanamke ni sawa na za mwanamume. Hapo tazama tarehe. Hati ile iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini serikali ikajipa miaka 3 ya kutoshitakiwa kwayo, kuanzia Machi 1985 hadi Machi 1988. Ma Holaria aliuza Agosti. Hati ilikuwa na umri wa miezi 5 tu tangu ianze kuuma, na miongoni mwa wa kwanza kuijaribu alikuwa bibi wa Kihaya aliyetaka kula chake kabla hajafa.

Bernardo naye akapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Huko alimkuta Jaji James Mwalusanya, mtu aliyezisoma haki za binadamu kwa dhati. Huyu ndiye aliyekuja kutamka mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba, ingawa Mahakama ya Rufani haikumuunga mkono. Februari 22 mwaka 1990 aliitupa rufaa ya Bernardo. Mauzo ni halali. Wanaume na wanawake wa Kihaya wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Ukoo ukiitaka ardhi, na uikomboe kwa shilingi zilezile 300,000.

Wapo watakaouliza: mwanaharakati gani huyu Ma Holaria, asiye na chama wala jukwaa? Kwangu anatosha. Miaka ya 60 wanawake wa Kihaya walikwenda mahakamani na madai kama yake, wakaambiwa mila imekwishasema. Yeye naye aliijua mila, na akauza.

Kuna jambo linaniudhi. Kanuni ya 20 haijafutwa. Mwaka 2006 wajane wawili wa Usukuma walipopinga kanuni hizo za mwaka 1963, Mahakama Kuu ilikiri kwamba zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzibatilisha. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikatuambia mwaka 2015 kwamba tumekosea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza mila inayomnyima mwanamke ardhi, ndiyo, lakini vikao vya ukoo bado vinakaa, na binti anaitwa kuwapa wageni rubisi, pombe ya ndizi, wakati kaka zake wanagawana migomba.

Wabunge wa Kagera, pelekeni hoja ya kufuta kanuni ile. Mahakama, andikeni jina la Holaria Pastory pale Kashasha, mahali ambapo kila anayeingia na shauri la ardhi atalisoma. Na wewe mzee, Ta, unayenisikiliza sasa hivi, mwenye mabinti: baba yake Ma Holaria aliacha wosia, na bila wosia ule kesi hii isingekuwepo. Andika wa kwako ungali na akili timamu, mbele ya mashahidi, na mabinti uwataje kwa majina.