Farasi Aliyeokolewa

Mithali 12:10, yasemapo habari za mtu mwenye haki, yamtaja na mnyama wake.

Mtu amchukuapo farasi aliyeokolewa katika njaa, moyo humsukuma amjazie nafaka. Asifanye hivyo! Farasi aliyekonda kwa njaa akishibishwa ghafula aweza kufa. Apewe majani makavu, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na daktari wa mifugo amwangalie. Baadaye kwato zitatakiwa kupunguzwa kila majuma 6 hadi 8. Naye farasi aweza kuishi miaka 25 na zaidi. Hapo ndipo wengi wetu huchoka.

Mwaka 1930 Bibi Dorothy Brooke, Mwingereza, alifika Cairo, akawakuta farasi waliotumika katika vita vya 1914-1918, sasa wazee na vilema, wangali wakikokota mizigo. Aliomba fedha kwao Uingereza, akanunua wapatao 5,000. Na mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama huko huko. Lakini wengi hawakuweza kupona. Je, alipoteza fedha? Hao aliwapa siku chache za kivuli, maji safi na majani laini ya kulalia, ndipo wakauawa pasipo maumivu.