Simu Ikikosea Tarehe, Tufanye Nini?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo tutazungumza juu ya tarehe. Kalenda ya ukutani kila mmoja wetu anaijua. Tarehe tunayotaka kuizungumzia ni ile iliyomo ndani ya simu.

Wengi wetu hapa tuna simu. Wengine wana simu ndogo, ile ya kitochi. Wengine wana simu janja. Simu hiyo ndiyo saa yetu na ndiyo kalenda yetu. Mama anaweka kengele imkumbushe kumeza dawa. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anapiga picha ya ukurasa wa hesabu. Mkulima anaandika siku aliyopanda mahindi, ili ajue siku ya kuweka mbolea ya kukuzia.

Sasa je, simu ikikosea tarehe? Kengele ya dawa hailii kwa wakati wake. Picha ya hesabu inaonyesha ilipigwa mwaka mwingine, na wanachama wanaanza kushukiana. Siku ya mbolea inapita. Kwa hiyo, ndugu zetu, tarehe si jambo dogo.

SIMU INAJUAJE TAREHE?

Simu haina macho ya kuona jua likichomoza. Simu inahesabu. Ndani yake mna saa ndogo sana inayohesabu sekunde. Tena mna programu kubwa inayoongoza kila kitu ndani ya simu. Programu hiyo inaitwa mfumo endeshi. Mfumo endeshi ni kama mwenyekiti wa kikao: asipokuwapo, hakuna anayejua zamu yake ya kusema. Mfumo huu ndio unaochukua hesabu ya sekunde na kuigeuza iwe siku, mwezi na mwaka.

Hesabu hiyo inaanzia wapi? Mifumo mingi, pamoja na ile ya simu janja, huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka huo. Ndio mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania. Mambo haya mawili hayahusiani, yamekutana tu. Lakini yatusaidie kukumbuka. Ukiona simu iliyokaa siku nyingi bila chaji inawaka na kuonyesha mwaka 1970, usidhani imerogwa. Imepoteza hesabu yake ikarudi mwanzo, kwenye sifuri.

MAKOSA YA AINA TATU

Kabla ya kutibu ugonjwa, hujulikana kwanza ni ugonjwa gani. Simu hukosea tarehe kwa sababu tatu kubwa.

Kwanza, kosa la kuweka. Sisi Waswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa moja asubuhi yetu, kwa simu ni saa 7:00. Wapo wenzetu wanaoirekebisha simu ifuate saa zetu. Saa moja asubuhi wanaandika 1:00. Hapo simu inakuwa nyuma kwa saa sita nzima. Tarehe yake haibadiliki saa sita usiku, inabadilika saa kumi na mbili asubuhi, watu wameshaamka! Dawa ya kosa hili ni kuiacha simu na saa zake, nasi tukazigeuza kichwani. Saa 7:00 tunasema saa moja. Saa 19:00 tunasema saa moja jioni.

Pili, kosa la betri. Simu nyingine, betri ikitolewa au ikiisha kabisa, husahau tarehe. Dawa yake ni kuiweka tarehe upya, na betri ikiwa imechoka, kuibadilisha.

Tatu, kosa la mfumo endeshi wenyewe. Umeweka tarehe vizuri, betri ni nzima, lakini tarehe inaharibika tena. Au ikifika siku fulani, simu inajizima na kujiwasha. Kosa hili haliponi kwa kubonyeza saa. Linataka sasisho. Vijana wetu wanasema apdeti.

Utalijuaje? Fungua Mipangilio, tafuta sehemu ya tarehe na saa. Iambie simu ichukue tarehe na saa yenyewe kutoka kwenye mtandao. Angalia pia kama imeandikwa saa za Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya saa za Greenwich. Zima simu, washa. Iangalie kwa siku mbili. Ikikaa sawa, kosa lilikuwa la kuweka. Ikiharibika tena, na betri ni nzima, huenda mfumo ndio wenye kasoro.

SASISHO NI NINI?

Mfumo endeshi umeandikwa na watu, na watu hukosea. Kitabu kikichapwa na kosa, mchapaji hutoa karatasi ya masahihisho. Sasisho ni karatasi hiyo ya masahihisho. Mtengenezaji wa simu akigundua kosa huliandika upya lile fungu lililokosewa, halafu hulituma kwa njia ya mtandao. Simu hulipokea na kulipanga mahali pa lile la zamani.

Hebu tutazame mfano wa kweli. Mwaka 2017 simu nyingi za iPhone zilikuwa na mfumo wa namba 11.1.2. Mfumo ule ulikuwa na kosa la tarehe ambalo hakuna aliyeliona. Ilipofika tarehe 2 Desemba 2017, saa sita na robo usiku, kosa likajitokeza. Kila programu ilipotaka kutoa kikumbusho, simu ilijizima na kujiwasha. Ikajizima tena, ikajiwasha tena. Fikirieni mtu aliyetegemea simu imkumbushe dawa ya alfajiri!

Watu walifanya nini? Wengine walirudisha tarehe nyuma siku moja. Simu ikatulia. Lakini ilitulia kwa kudanganywa: duniani ni leo, kwenye simu ni jana. Kampuni ya Apple, inayotengeneza simu zile, ikatoa sasisho namba 11.2 siku ile ile. Ikawaeleza watu wazime kwanza vikumbusho, waingize sasisho, kisha waviwashe tena. Waliofuata maelezo hatua kwa hatua walipona.

Kuchezea tarehe kunaweza hata kuiua simu. Mapema mwaka 2016 iligundulika kwamba baadhi ya simu za iPhone zikirudishwa mpaka mwanzo wa mwaka 1970, kisha zikazimwa, haziwaki tena. Kosa hilo nalo lilisahihishwa kwa sasisho, namba 9.3, mwezi Machi 2016.

Tena kuna hasara nyingine ya tarehe ya uongo. Unapofungua WhatsApp au ukurasa wa mtandao, simu hukagua kwanza cheti cha usalama cha mahali unapokwenda. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Simu yenye tarehe ya uongo huona cheti hakijaanza, au kimekwisha. Inakataa kufungua. Wewe unadhani bando limekwisha, unanunua jingine, na bado hakifunguki kitu. Pesa imekwenda bure.

HATUA ZA KUINGIZA SASISHO

Haya, sasa twende polepole. Anayeweza, aandike kwenye daftari.

1. Linda vitu vyako. Andika kwenye daftari namba za simu muhimu: za jamaa, za zahanati, za viongozi wa kikundi. Picha unazozihitaji zihamishie mahali pengine. Kwa kawaida sasisho halifuti vitu, lakini mwenye akiba hajuti.

2. Jaza chaji. Betri ipite nusu, na ikiwezekana simu iwe kwenye umeme. Umeme wa kijijini ukikatika katikati ya kazi, betri ikamilishe.

3. Hesabu bando. Simu itaonyesha ukubwa wa sasisho kabla ya kulichukua. Soma namba hiyo. Masasisho mengine ni MB chache, mengine hupita GB moja. Kama lako ni kubwa, subiri ufike penye mtandao wa Wi-Fi unaouamini.

4. Ingia kwa mlango wa ndani. Fungua Mipangilio. Tafuta palipoandikwa mfumo, au kuhusu simu, kisha sasisho. Maneno hutofautiana kidogo kwa simu na simu, kwa hiyo soma bila haraka. Bonyeza pa kukagua. Kama lipo, simu itakuambia na itaeleza linarekebisha nini.

5. Subiri. Simu itajizima na kujiwasha yenyewe. Usiizime. Usitoe betri. Mpishi hafunui wali kabla haujaiva.

6. Kagua. Ikishawaka, tazama tarehe, mwezi na mwaka. Linganisha na kalenda. Weka kengele ya dakika tano mbele uone kama italia. Hapo ndipo useme kazi imekwisha.

TUJIHADHARI NA MATAPELI

Ndugu zetu, hapa tunaomba masikio yenu yote. Matapeli wanajua kwamba watu wanahitaji masasisho. Wanaweza kukutumia ujumbe: "Simu yako imepitwa na wakati, bonyeza hapa." Usibonyeze. Sasisho la mfumo lichukue kwenye Mipangilio ya simu yako mwenyewe, si kwenye ujumbe wa mtu usiyemjua.

Jambo la pili. Simu inaweza kukuomba namba unayofungulia kioo chake, ili iruhusu sasisho kuingia. Hiyo ni sawa. Lakini namba ya siri ya pesa zako ni kitu kingine kabisa. Sasisho la mfumo haliitaki. Anayekuomba namba hiyo, awe anapiga simu, awe amesimama mbele yako, anataka pesa zako. Hata kwa fundi, mpe simu bila kumpa namba ya siri ya pesa.

NA SIMU ZA ZAMANI JE?

Simu ya kitochi kwa kawaida haipati masasisho. Yenyewe tunaiwekea tarehe kwa mkono, na tunaikagua kila betri inapotolewa.

Simu janja nazo zina mwisho wa kuhudumiwa. Baada ya miaka fulani mtengenezaji huacha kutoa masasisho. Ukikagua, simu inasema hakuna jipya, kumbe haihudumiwi tena. Basi unaponunua simu ya mkononi mwa mtu, usiangalie kioo na kamera tu. Fungua Mipangilio, soma sasisho la mwisho ni la lini. Likiwa la miaka mingi nyuma, punguza bei au iache.

Tuseme na la mbele. Mashine za zamani zina nafasi ndogo ya kuandikia ile hesabu ya sekunde tangu 1970. Nafasi hiyo inajaa ikifika sekunde 2,147,483,647. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, itakuwa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde itakayofuata, mashine isiyorekebishwa inaweza kudhani imerudi mwaka 1901. Hata mwaka 2000 ulipokaribia palikuwa na shida ya namna hii, kwa sababu mashine nyingi ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. 99 ikifuatwa na 00, mashine haijui kama ni 2000 au 1900. Mafundi wa nchi nyingi walifanya kazi miaka kadhaa kurekebisha, na shida zilizotokea zikawa chache. Hatukunusurika kwa bahati. Watu walisahihisha kabla ya siku kufika.

Simu nyingi za sasa zina nafasi pana zaidi ya hesabu hiyo. Hakuna haja ya hofu. Haja ipo ya kukagua mapema.

NENO LA MWISHO

Zamani mtu asiyejua kusoma alisomewa barua yake na mwingine, na siri zake zikajulikana kijiji kizima. Leo asiyesoma maandishi ya simu yake anampa mtu mwingine aisome, na pamoja na simu anampa picha zake, ujumbe wake na pesa zake. Ninyi mmejifunza kusoma. Maneno ya kwenye Mipangilio ni maneno kama yale ya kitabuni. Yasomeni.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja afungue simu yake, aandike kwenye daftari mambo manne: tarehe inayoonyeshwa na simu, kama simu inachukua tarehe yenyewe kutoka mtandaoni, jina na namba ya mfumo endeshi, na siku ya sasisho la mwisho. Mwenye simu ya kitochi aandike tarehe na saa, kisha alinganishe na kalenda. Tukikutana tena tutasomeana, na mwenye simu yenye kosa tutaishughulikia pamoja, yeye mwenyewe akibonyeza na sisi tukitazama.