Uji Mwembamba Haumshibishi Mtoto



Miaka 10 tumeweka akiba hapa Mjimwema huku watoto wakiwa mgongoni. Leo tunaomba tuseme juu ya chakula chao. Mkoa wetu wa Ruvuma hulisha mikoa mingine mahindi, lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Jamani, na mahindi yamejaa ghalani!

Sisi tunakilaumu kikombe cha uji mwembamba. Tumbo la mtoto wa miezi 8 huchukua kama kikombe kimoja tu. Likijaa maji, limejaa. Uji uwe mzito, usitiririke ukiinamisha kijiko. Anapoanza kula, miezi 6, chakula kipondwe kiwe laini kabisa. Kufika miezi 8 acha vibonge vidogo: kiazi kitamu, parachichi, maharage, dagaa wa Nyasa waliotwangwa. Akitimiza mwaka ale ugali na mboga pamoja nasi, na kunyonya aendelee.

Bibi zetu watasema, "Meno hana." Fizi zinaponda, bibi! Akicheleweshwa kupita miezi 10 anaweza kugoma kutafuna. Akikohoa kidogo na kutema, anajifunza huyo. Ila karanga nzima hapana, zisagwe. Naye ale ameketi, mama akimtazama, siyo akitambaa uani na ndizi mkononi.