Maji ya Mto, Chumvi na Sukari: Tujiandae Kabla Mafuriko Hayajabisha Hodi

(Mazungumzo na vijana na wazazi, Hewani, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhani)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Wazee wetu, mama zetu, walimu wangu walionifundisha alifu kwa kijiti, na nyinyi vijana wenzangu. Nimeombwa nizungumze juu ya afya. Najua saa hizi midomo imekauka na macho yako kwenye jua, tunahesabu saa za futari. Sitawachosha. Lakini nina neno moja ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2018, na leo nataka nilitoe.

Wengi mnaikumbuka masika ya mwaka ule. Mvua ilinyesha huko bara, Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya juu yakajaa, na Tana ukatushukia. Mimi nilikuwa darasa la nane. Tulihamia mahali palipoinuka, tukakaa chini ya turubai, familia juu ya familia. Maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya mto, ambayo yalikuwa yamepita kwenye vyoo vyetu na kwenye mizoga ya mifugo.

Usiku wa tatu mdogo wangu, mtoto wa miaka miwili, akaanza kuharisha. Mama akataka kumpa maji. Mimi, msomi wa nyumba, niliyekuwa nikisifiwa kwa kushika nambari ya juu darasani, nikamwambia, "Mama, usimpe, maji yatazidisha kuhara." Mama akaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Jamani, fikirini. Mtoto analia apewe maji, na mimi namzuilia.

Alfajiri macho yake yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa turubai ya pili, mhudumu wa afya wa kijiji. Alichemsha maji, akatia sukari na chumvi, akaketi na kijiko. Kijiko baada ya kijiko, mpaka jua likawa juu. Mtoto akitapika, anangoja kidogo, anaanza tena. Adhuhuri mdogo wangu alikojoa, na mama yangu akalia kwa furaha kwa sababu ya mkojo! Leo msichana huyo yuko darasani na anapenda kubishana na mimi. Alhamdulillah. Lakini katika turubai zile si kila mtoto aliamka.

Si kila kitu tuseme ni kadari

Mambo kama hayo yakipita tunasema, "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Na kweli, hakuna kinachotokea ila kwa kadari yake. Lakini tukumbuke kisa cha Sayyidna Umar (R.A.). Alikuwa njiani kwenda Sham, mwaka wa 18 wa Hijra, wakati wa tauni ya Amwas. Alipopata habari ya tauni, akashauriana na masahaba, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza, je, anaikimbia kadari ya Allah? Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Auf akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): kwenye mji ulioingia tauni mtu asiingie, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia.

Kwa hiyo mafuriko ni kadari. Na kijiko cha maji ya chumvi na sukari nacho ni kadari, Allah ametuwekea mkononi. Tusimsingizie kadari yule mtoto tuliyemnyima maji sisi wenyewe. Nasema haya na kujisema mwenyewe kwanza.

Dawa iliyotoka katika kambi ya wakimbizi

Nilipofika chuo kikuu nilitaka kujua: ile dawa ya yule mama ilitoka wapi? Nikakuta ina historia, na historia yake inafanana na yetu.

Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash waliwajaribia wagonjwa wa kipindupindu maji ya kunywa yenye chumvi na sukari ya glukosi. Walionyesha kwamba utumbo unaoharisha bado hupokea maji na chumvi vikiandamana na sukari. Sukari ni kama ufunguo wa mlango. Ndiyo maana maji matupu peke yake hayatoshi.

Wakubwa wengi wa tiba hawakuamini. Walitaka sindano na chupa ya kuning'inia. Kisha mwaka 1971 vita vikazuka Bangladesh, mamilioni ya watu wakakimbilia India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kiliwashika, na maji ya mishipa yakaanza kumalizika. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi, glukosi na magadi ya kuokea katika mapipa, akawapa jamaa za wagonjwa vikombe wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo vilivyokuwa karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Daktari huyo alifariki mwaka 2022, na wengi wetu tuliookolewa na kazi yake hatukuwahi hata kulisikia jina lake.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu sisi vijana. Dawa ilipatikana, lakini je, nani ataifikisha kijijini? Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC la Bangladesh liliwatuma wanawake waende nyumba kwa nyumba. Hawakubeba dawa. Walifundisha: chumvi kwa ncha za vidole, sukari guru kwa kiganja, maji kwa kipimo. Katika miaka kumi walifika nyumba zaidi ya milioni 12. Na ujira wao ulitegemea mama aliyefundishwa anakumbuka kiasi gani akija kuulizwa baadaye! Walipoona bado watu hawaitumii sana, wakaanza kuzungumza na wanaume pia, sokoni na misikitini. Basi msikiti umo katika historia ya dawa hii, na sisi tumekaa msikitini sasa hivi.

Majirani zetu wa Kilifi na Lamu

Msidhani mambo haya yako mbali tu. Hapa kusini yetu, Kilifi, kati ya mwaka 1993 na 1995 watafiti walijaribu vyandarua vilivyochovywa dawa ya mbu. Katika nyumba zilizopata vyandarua, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Ni utafiti wa Pwani, kwa watoto wa Pwani, na ukasaidia dunia nzima kukubali vyandarua hivyo. Halafu nenda mtoni uone chandarua kinafanya nini. Kinavua samaki! Kingine kimefunika vifaranga. Mnacheka, lakini mnajua ni kweli.

Na upande wa mashariki, Lamu, mwaka 2015 Bi Umra Omar alianzisha kikundi cha Safari Doctors. Alikuwa Marekani, akarudi kwao. Visiwa na vijiji vya huko viko mbali, na hofu ya usalama ilikuwa imepunguza huduma. Yeye hakungoja barabara. Alichukua mashua, akawapakia wauguzi na dawa, wakaanza kuwafuata watu kijiji kwa kijiji kwa chanjo, matibabu na huduma za wajawazito. Mwaka 2016 televisheni ya CNN ilimtaja miongoni mwa mashujaa wake kumi wa mwaka. Rwanda nao, tangu mwaka 2016, wanapeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Kila mmoja alitazama alicho nacho. Sisi tuna nini? Tuna mitumbwi, tuna vijana wanaoujua mto, na tuna simu. Barabara ikikatika, kijana mwenye mtumbwi ndiye gari la wagonjwa. Lakini je, tumepanga? Au tunangoja mama ashikwe na uchungu usiku ndipo tuanze kutafuta kafi?

Miti yetu na afya yetu

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalihesabu kuwa la afya, nalo ni miti. Delta yetu iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Kinamasi hupokea maji ya mafuriko na kuyatuliza. Msitu wa ukingoni hushika udongo. Tukiumaliza kwa makaa na mashamba mpaka mdomoni mwa mto, ukingo unaporomoka, na nyumba inafuata.

Lakini si kila mti ni rafiki. Mnaujua mathenge. Uliletwa Bura katika miaka ya 1980 kwa nia njema, upate kutoa kuni na kuzuia jangwa. Leo umefunga njia za mifugo, miiba yake inatoboa mpaka tairi, na umeteremka na mto. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya Mali katika vijiji tisa. Mbu hula utamu wa maua, na mathenge huchanua wakati mimea mingine imekauka. Katika vijiji walivyokata matawi yenye maua, mbu walipungua kwa zaidi ya nusu, na hasa wale majike wazee ambao ndio hueneza malaria. Mali si Garsen, na hilo halituondolei chandarua. Lakini linatupa la kufikiri: kichaka kilicho nyuma ya dirisha la mtoto si pambo tu, huenda ni jiko la mbu.

Mji wa Garsen unakua, na vijiji vyetu vinasongamana. Tung'oe mathenge karibu na nyumba, shule na madrasa, na tung'oe kwa shina, maana ukiukata juu tu huchipua. Mahali pake tupande mwembe, mkwaju, mti wa kivuli. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, akala kwao mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Na ametukataza kujisaidia penye maji, njiani na kivulini. Dini yetu imeutaja mto, njia na kivuli kabla ya bwana afya kufika!

Tufanye nini?

Kwanza, kila mmoja atoke hapa akijua kipimo. Lita moja ya maji safi, yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa. Vijiko vidogo sita vya sukari, vya kusawazisha, visiwe na kilima. Nusu kijiko kidogo cha chumvi. Basi. Chumvi isizidi, ni hatari. Onja, isipite chumvi ya machozi. Yakikaa siku moja, mwaga, changanya mengine. Ukipata pakiti ya ORS ya zahanati ni bora zaidi, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Na ukiona amelegea, hawezi kunywa, macho yamezama, hakojoi, au kinyesi kina damu, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali, na njiani endelea na kijiko ikiwa bado anaweza kumeza.

Pili, kila kijana achague nyumba tano, afundishe, kisha arudi baada ya wiki aulize. Tufanye kama wale wanawake wa Bangladesh. Asiyekumbuka, kosa ni la mwalimu. Na tushirikiane na wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali iliwatoa wahudumu kama laki moja nchi nzima na mikoba ya vifaa. Mhudumu mmoja hawezi kufika kila nyumba maji yakipanda, lakini akiwa na vijana ishirini anafika.

Tatu, kabla ya masika tuandike orodha. Nani ana mimba kubwa? Nani anatumia dawa kila siku, ya sukari, presha, kifua kikuu au nyingine? Hao ndio watoke mapema, na dawa zao ndani ya mfuko usioingia maji. Siri ya mgonjwa tuifunge vifuani. Na orodha isichague, iwe ya Mpokomo na Muorma, Muislamu na Mkristo. Maji hayaulizi kabila.

Nne, kwa kuwa tuko Ramadhani: aliyeshikwa na kuharisha asijiue kwa swaumu. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Kuipokea rukhsa ya Mola wako si udhaifu wa imani.

Na nyinyi wenye uwezo, mnapotoa futari, kumbukeni chumvi, sukari na dawa ya kutibu maji katika akiba ya kijiji. Kilo ya sukari inaisha kwenye uji wa jioni moja. Kilo hiyo hiyo ikiwekwa kando inatengeneza lita nyingi za uhai.

Ndugu zangu, Tana utarudi. Umerudi mwaka 2018, umerudi mwishoni mwa 2023, umerudi tena 2024. Mtume (S.A.W.) alimuelekeza yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee kwa Allah. Ngamia wetu ni chupa ya lita moja, kijiko, chandarua, mtumbwi uliozibwa na orodha iliyoandikwa. Tumfunge sasa, kabla ya mawingu. Ningalijua kipimo kile usiku wa tatu, mdogo wangu asingalilia mpaka alfajiri. Sitaki kijana mwingine wa Hewani abebe kumbukumbu kama hiyo.

Allah atukubalie saumu zetu, awarehemu watoto tuliowazika, awaponye wagonjwa wetu, na aujaalie mto wetu uwe wa neema. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.