Pua Kwanza, Sura Baadaye

Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka 1977, mbwa wa mawindo hana ruhusa ya kumkimbiza pongo. Waogiek wa Mariashoni na Nessuit hapa Nakuru, waliowinda na mbwa katika msitu wa Mau vizazi na vizazi, wanalijua hilo vyema.

Pua, hata hivyo, haijastaafu. Huko Maasai Mara na Laikipia, mbwa huwaongoza askari kwenye nyayo za majangili.

Basi mbwa yupi azalishwe kwa kazi hiyo? Wengi hutazama masikio na manyoya, kana kwamba jangili atasimama ayasifie! Dume la kupandisha ni lile lililofanya kazi misimu kadhaa, likashika harufu kwenye vumbi la kiangazi bila kuvutwa na swala njiani. Na wanawe wa kwanza wapimwe kazini kabla halijapandishwa tena.