Bahasha ya NFS



Mmeniomba niseme machache juu ya kazi yangu ya kompyuta. Nitataja jambo moja tu: NFS, utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Sun mwaka 1984 ili kompyuta moja isome majalada yaliyomo katika nyingine. Kwa kawaida majalada hayo yalipita njiani wazi kama postikadi. Kerberos iliweza kuyaficha, lakini kuisimika ni shughuli, na wengi waliiacha.

Mwaka 2022 ulitoka mwongozo wa kuyafunga kwa TLS, kufuli lile lile litumiwalo na benki kwenye intaneti, na Linux ikaupokea mwaka 2023. Hapo ndipo penye utamu. Kerneli, yaani moyo wa mfumo, haikubebeshwa ukaguzi wa vyeti, maana kosa dogo humo laweza kuangusha mashine nzima. Hufungua laini, ikamkabidhi mtumishi wa nje aitwaye tlshd. Huyo huamkiana na upande wa pili, hukagua vyeti, kisha huirudisha laini pamoja na funguo. Toka hapo kerneli hufunga na kufungua yenyewe.

Lakini ninyi mnaotunza kumbukumbu za hospitali na mahakama, msilale. TLS hufunga bahasha tu. Bila Kerberos, seva bado huamini namba ya mtumiaji inayotajwa na kompyuta ya mteja. Mwizi aliyeiteka kompyuta hiyo aweza kujiita mtumiaji mwingine, na kufuli litamsitiri naye njiani. Kwetu kila kompyuta hudaiwa cheti, na kumbukumbu nyeti zimebaki chini ya Kerberos, pamoja na shughuli zake zote.