Zawadi ya Idi kwa Ndugu Asiyepungukiwa na Kitu

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya jamaa wa msikiti, Misungwi, Mkoa wa Mwanza)



Ndugu zangu katika imani, akina baba, akina mama na vijana. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Jambo ninalotaka tulizungumze leo laweza kuonekana dogo, nalo ni zawadi za Idi. Kila sikukuu inapokaribia watu hujiuliza: nimpelekee nini ndugu yangu ambaye hana anachokosa? Kaka yuko Mwanza mjini, ana nyumba, ana gari, kabati lake limejaa. Shangazi ana watoto wanne wenye kazi, na kila mmoja humletea nguo. Mimi nitoke hapa Misungwi na kitu gani mkononi ambacho kwake hakitaonekana kichekesho?

Swali hili si la masihara, kwa kuwa linavunja udugu. Wako watu miongoni mwetu ambao kwa miaka hawajakanyaga nyumba ya ndugu yao, na hapana ugomvi wowote kati yao. Kinachowazuia ni haya. Wamekwisha kuambiwa kwamba mkono mtupu haulambwi, nao wameamini. Idi ya kwanza mtu hakwenda kwa sababu hakuwa na kitu. Idi ya pili aliona haya kwa sababu hakwenda ile ya kwanza. Idi ya tatu yule ndugu mwenye mali naye amekwisha kununa, anasema, "Wamenitupa." Hatimaye watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja wanapishana barabarani pale Usagara, wala hawajuani.

Ndugu wapendwa, kuunga udugu ni wajibu uliosisitizwa mno katika dini yetu. Kupeana zawadi ni jambo jema lililopendekezwa. Basi tazameni tulipofika: jambo lililopendekezwa tumelifanya kuwa sababu ya kuacha jambo la wajibu! Hapana budi tulirudishe kila jambo mahali pake.

Kwanza tuelewe zawadi ni nini. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alipoletewa chakula alikuwa akiuliza kama ni sadaka au ni zawadi. Kikiwa ni sadaka aliwaachia masahaba wale, na kikiwa ni zawadi alikula pamoja nao. Hapa pana tofauti kubwa. Sadaka inatazama haja ya mtu: ana njaa, hana nguo, ana deni. Zawadi inatazama moyo wake. Mwenye mali yaweza kuwa hana haja ya unga wala ya shuka, lakini hakuna binadamu aliyewahi kutosheka na kukumbukwa. Kwa hiyo anayesema, "Huyu ana kila kitu, hahitaji zawadi," amechanganya zawadi na sadaka.

Na tusidhani kwamba udogo wa kitu unaiharibu zawadi. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha wanawake Waislamu kwamba jirani asione ni duni kumpa jirani yake hata kama ni ukwato wa mbuzi. Yeye mwenyewe alisema kwamba angepewa mguu wa mnyama angeupokea. Huyo ndiye mbora wa viumbe! Iweje kaka yako wa mjini awe na hadhi ya kukataa kile ambacho Mtume angekipokea?

Nawakumbusheni pia habari za Zahir, ambayo imepokewa na Imamu Ahmad na Tirmidhi. Zahir alikuwa mtu wa jangwani, hakuwa na sura ya kupendeza wala cheo. Alipokuwa akija Madina alimletea Mtume (s.a.w.) zawadi za huko kwao jangwani. Alipotaka kurejea, Mtume naye alimfungia vitu vya mjini. Mtume alimpenda, na alisema kwamba Zahir ndiye jangwa lao, nao ndio mji wake. Siku moja alimkuta sokoni akiuza bidhaa zake, akamkumbatia kwa nyuma kwa mzaha, naye Zahir alipojidharau kwamba hana thamani, Mtume alimhakikishia kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu thamani yake ni kubwa. Fikirini, ndugu zangu. Zahir hakwenda kukopa ili anunue Madina kitu cha kumpa mtu wa Madina. Alileta kilichotoka kwao.

Kutokana na mafundisho haya, nataka nitaje milango mitatu ya kuchagulia zawadi ya ndugu asiyepungukiwa na kitu.

Mlango wa kwanza ni vitu vya nyumbani. Ndugu yako wa mjini anaweza kununua sahani na viatu katika duka lolote. Lakini michembe aliyoikata na kuianika mama mkubwa, au matobolwa yaliyochemshwa na kukaushwa kwa namna ileile aliyoizoea utotoni, hayo hayapati dukani. Kibaba cha karanga za shamba la marehemu babu, mchele wa jaruba alilolima yeye mwenyewe alipokuwa kijana, dengu, choroko, samaki aliyekaushwa na watu wa kwao: kila kimoja kinambeba na kumrudisha nyumbani. Jiulize, kabla hajapata mali alikuwa anapenda nini? Hapo mara nyingi ndipo jibu lilipo. Vifungashwe katika hali ya usafi, vipelekwe bila kuomba radhi. Usiseme, "Samahani, ni vitu vya kijijini tu." Ukikidharau unachokitoa, unamfundisha na mpokeaji akidharau.

Mlango wa pili ni nafsi yako na wakati wako. Chukueni mfano wa mama mzee ambaye watoto wake kila Idi humletea doti ya kanga. Sanduku limejaa, nyingine hazijafunguliwa hata karatasi. Je, ana kila kitu? Pengine macho yake hayaoni tena maandishi ya msahafu, na angefurahi kuliko yote kama mjukuu angeketi naye juma zima amsomee. Pengine anahitaji mtu wa kumsindikiza hospitali, au wa kurekebisha mlango usiofungika, au wa kumpeleka kumwona dada yake aliyeko Sengerema, ambaye hawajaonana siku nyingi. Haya hayafungwi kwa karatasi yenye maua, lakini ni zawadi.

Na katika hili la kutembeleana, sisi watu wa Misungwi udhuru wetu umepungua. Zamani kumfuata ndugu ng'ambo ya Busisi kulitegemea kivuko. Mtu alipanga foleni pale Kigongo, na siku ya sikukuu saa zilikwisha akingali upande huu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Maji yale sasa yanavukwa kwa dakika chache. Tusije tukajengewa daraja juu ya ziwa, na sisi tukashindwa kujenga lile la kati ya ndugu na ndugu.

Aidha, tangu mwaka 2008 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini, wengi tumepata wepesi mkubwa. Ni neema, tumshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini wako wanaotuma fedha asubuhi ya Idi wakaona wamemaliza kazi, sauti yao haisikiki. Ukituma, piga na simu. Na ukiweza, nenda.

Mlango wa tatu ni zawadi inayompa thawabu. Ikiwa ndugu yako hana mahali pa kuweka kitu kingine, basi mwambie, "Idi hii mimi na wewe tufanye jambo kwa ajili ya wazazi wetu." Saad bin Ubada (r.a.) alifiwa na mama yake akiwa safarini. Alimwuliza Mtume (s.a.w.) iwapo sadaka itamfaa mama huyo, akajibiwa kwamba itamfaa, naye akaitoa bustani yake. Nanyi mnaweza kuchangia bomba la maji msikitini, mikeka, misahafu ya madrasa, au ada ya yatima wa ukoo wenu. Asiye na fedha atoe nguvu zake: achimbe, abebe mawe, apande mti wa kivuli penye uwanja wa kuswalia. Mwenye mali na asiye na mali wakishiriki katika kazi moja, haya iliyokuwa kati yao inaondoka.

Sasa naomba niwageukie ninyi mliojaaliwa mali, maana si haki lawama zote ziwaangukie wanaokuja. Ndugu anapokuletea kitu, usimwambie, "Ya nini kujisumbua, hivi tunavyo tele." Wewe unaona umemhurumia, kumbe umemfungia mlango. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipokea zawadi na akirudisha wema kwa aliyempa. Tena, Abu Jahm alipompa vazi lenye nakshi, nalo likamshughulisha katika swala, Mtume alilirejesha lakini papo hapo aliomba apewe vazi jingine la Abu Jahm lisilo na nakshi, na wanazuoni wameeleza kuwa alifanya hivyo asimvunje moyo. Basi pokea kwa mikono miwili. Ile michembe ipikwe siku hiyohiyo, iletwe mbele ya wageni wote, na useme imetoka kwa nani. Kwa kufanya hivyo umempa mleta zawadi heshima ambayo fedha zako zisingeweza kumnunulia. Naye akiondoka, mfungie cha kwenda nacho, kama alivyofungiwa Zahir, bila kumsimanga wala kumkumbusha baadaye. Qurani imetufunza kwamba neno jema ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi.

Kabla sijamaliza nina tahadhari nne.

Kwanza, msikope kwa ajili ya zawadi, hasa katika ile mikopo ya riba ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Zawadi iliyonunuliwa kwa riba inamfurahisha ndugu siku moja na kuwaliza watoto wako miezi mingi.

Pili, haki zitangulie. Zaka ya Fitri ya kila mtu wa nyumba, pishi ya chakula, itolewe kabla ya Swala ya Idi. Mwenye deni lililofika wakati wake alilipe. Baada ya hapo ndipo tuzungumzie zawadi.

Tatu, tusimpite ndugu maskini tukaenda kujaza nyumba ya ndugu tajiri. Mtume (s.a.w.) alikishutumu chakula cha karamu wanayoalikwa matajiri na kuachwa maskini. Ukiwa na kuku mmoja, na ndugu wawili, mmoja hana mboga na mwingine ana jokofu lililojaa, kuku ajue njia yake. Tajiri mpelekee salamu na karanga, naye asipofurahi, tatizo si karanga.

Nne, msifanye zawadi kuwa hesabu ya biashara, kwamba mwaka jana alinipa hiki nami nitampa hiki. Tumefundishwa kwamba muunga udugu hasa ni yule anayeunga pale anapokatiwa, wala si yule anayelipa alichopewa. Wahenga wetu nao walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu analo jina moja moyoni, la ndugu ambaye hajamwendea kwa sababu ya haya. Usingoje mpaka upate kitu kinachomfaa. Idi ijayo, inshallah, funga ulichonacho, wachukue watoto ili wajuane na wenzao, uende ukabishe hodi. Na wewe ambaye mlango wako utabishwa, fungua mwenyewe.

Ewe Mola wetu, ziunganishe nyoyo zetu, utuondolee kiburi cha mwenye nacho na unyonge wa asiye nacho, uwarehemu wazazi wetu waliotangulia na uzipokee swala zetu na sadaka zetu. Amin.